Sura ya Saba: Kadi ya Marie-Ange

"Mtoto mmoja hazaliwi mara mbili," alisema Jaji Léonidas, akizisukuma karatasi mbili hadi upande wa pili wa meza. "Nitafutie ni ipi inayosema uongo. Kesho saa mbili asubuhi nasoma uamuzi, na sitaahirisha tena."

Ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na tano Juni 1992. Inspekta Gratien alikuwa amefanya upelelezi Kigali kwa miaka kumi na minne. Alishatafuta wezi wa magari, wauaji, hata maiti iliyohamishwa kaburi. Kutafuta umri wa mtoto hakuwahi kutumwa, na alijua kabla hajavuta kiti kwamba kazi hiyo ingemtoa jasho, maana gari lililoibwa halina mama na baba wanaolivutania mbele ya jaji.

Karatasi ya kwanza ilikuwa hati ya kuzaliwa kutoka komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Aliyeileta ni mama, Mukeshimana, fundi cherehani wa Kicukiro. Ilisema Gwiza, msichana, amezaliwa tarehe 9 Agosti 1986. Ya pili ilikuwa kadi ya ubatizo, imelainika pembeni kwa kushikwashikwa. Hii aliileta baba, Libère, mwenye malori mawili pale Nyabugogo. Ilisema Marie-Ange, binti wa Libère na Mukeshimana, amezaliwa tarehe 2 Machi 1985, akabatizwa tarehe 19 Mei mwaka huohuo.

"Huyu ni Gwiza, huyu ni Marie-Ange," alisema Gratien.

"Baba anasema Marie-Ange ndilo jina lake la ubatizo. Mama alipohamia kwa Wasabato alilitupa pamoja na rozari."

"Mama mwenyewe anasemaje?"

"Anasema Gwiza hajabatizwa kabisa. Nikimwuliza basi kadi ni ya nani, ananyamaza." Jaji alivua miwani. "Mtu mwenye haki hanyamazi, Gratien."

Gratien alizikusanya karatasi zile mbili. Alikuwa amewaona wenye haki wengi waliokaa kimya, na wenye hatia walioongea mpaka mate yakakauka.

Kila mtu aliyewahi kupita mahakamani pale aliijua kawaida ya Léonidas. Wazazi wakigombea mtoto ambaye hajatimiza miaka sita, hamng'oi kwa mama yake. Akishavuka sita, anampima kwa mambo mengine: nyumba ikoje, shule iko wapi, nani ana uwezo wa kumlea. Kwa mizani hiyo Mukeshimana, mwenye chumba kimoja na cherehani moja, hakuwa na lake. Hati ya komini ilisema Gwiza bado wiki sita atimize sita. Kadi ilisema ameshapita saba.

Na baba hakuwa anahamia mtaa wa pili. Libère, aliyelelewa Burundi, alikuwa anarudi Bujumbura moja kwa moja, na ruhusa ya safari ya Jumamosi ilikuwa imeshagongwa mhuri. Mukeshimana asingeweza kumfuata mtoto huko. Mara mbili aliomba hati ya kusafiri, mara mbili akanyimwa, kwa kuwa katika kitambulisho chake kulikuwa na neno moja la kabila ambalo, tangu vita vianze kaskazini, askari wa vizuizini hawakulipenda. Kama kadi ingeshinda kesho, yule mama angemuaga mwanawe bila kujua kama atamwona tena.

Gratien alianza komini. Karani alimfungulia kitabu bila haraka. Gratien alikagua namba ya ukurasa, rangi ya wino, akapapasa karatasi kutafuta mahali palipokwanguliwa. Hapakuwa na kitu. Tatizo lilikuwa tarehe ya kuandikishwa: 5 Septemba, siku chache tu kabla muda wa kuandikisha haujaisha.

"Waliokuja nyuma ya muda walilipa faini?" aliuliza.

Karani alicheka. "Shefu, hakuna aliyekuja nyuma ya muda. Mtu anakuja na mtoto anatembea, anakuambia amezaliwa juzi. Tukifuata kitabu hiki, nusu ya Kigali imezaliwa wiki mbili kabla baba hajafika hapa."

Gratien alifunga kitabu. Kitabu kilikuwa safi, ila aliyetaja tarehe ndiye asiyejulikana usafi wake, na mtu anayekwepa faini humpunguzia mtoto umri, hamwongezei.

Parokiani mambo yalizidi kumharibikia mama. Katibu, sista mmoja mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine shingoni, alilipata jina la Marie-Ange kwa dakika tano. Sahihi ya padri ilikuwepo, majina ya wazazi yalikuwepo, tarehe zilikuwa zilezile za kwenye kadi. Mtoto mwingine wa wazazi hao hakuwamo, si kwenye kitabu cha ubatizo, si kwenye kitabu cha mazishi.

"Kadi ni yetu," alisema sista. "Hii mwandiko ni wangu."

Basi kadi ilikuwa halali, na hati ya komini ilikuwa na harufu ya ujanja wa kila siku. Gratien alipanda pikipiki kwenda Kicukiro akiwa ameanza kumkasirikia yule mama. Hakupenda kudanganywa, na zaidi hakupenda kudanganywa na mtu anayemwonea huruma.

Mukeshimana alikuwa barazani, mguu kwenye pedali, anashona sketi za shule. Alikuwa mwembamba, kilemba kimefungwa kwa kukazwa, na hakuinuka mgeni alipofika, ingawa alisalimia vizuri. Msichana mdogo alikuwa chini akipanga vifungo kwa rangi.

"Gwiza, njoo kwa baba mkubwa," alisema Gratien. "Pitisha mkono juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili."

Ndivyo walimu walivyopima watoto wa kuanza shule siku hizo. Gwiza alipitisha mkono, akajinyoosha, akakunja uso kwa juhudi. Ncha ya kidole iliishia juu kidogo ya sikio. Alifungua kinywa kucheka na Gratien akamhesabia meno ya mbele: yote ya maziwa, moja linacheza. Mtoto wa miaka saba angeshakuwa na pengo. Lakini kuna watoto wenye mikono mifupi, na kuna meno yanayochelewa, na Léonidas asingekubali sikio kama ushahidi.

"Mama Gwiza, kadi hii ni ya nani?"

Pedali iliendelea. "Gwiza hajabatizwa."

"Sikuuliza hilo."

"Hilo ndilo miye najua, mzee."

"Parokiani wameniambia kadi ni yao. Jina lako limo. Sasa mimi nikuamini wewe au nimwamini sista?"

"Uamini unachotaka." Akakata uzi kwa meno.

Gratien alijaribu mlango mwingine. "Gwiza alizaliwa hospitali gani?"

"Nyumbani. Mkunga alikuja. Tulikuwa tumepanga Nyamirambo, nyuma ya msikiti."

"Mkunga yuko wapi?"

"Alikufa."

"Siku ya nane mlimpa jina?"

"Ni nani hafanyi?"

"Watoto gani walikuja kula?"

Kwa mara ya kwanza Mukeshimana alitabasamu, maana hilo si swali la polisi. Siku ya nane watoto wa jirani huitwa. Hupewa vijembe au vijiti, wakalima kidogo uani, kisha mtu anawamwagia maji na kupiga kelele kwamba mvua inanyesha. Wanakimbilia ndani, wanakaa, wanakula ubunyano, chakula cha kumkaribisha mtoto mchanga, na kila mmoja anampa mtoto jina analotaka yeye, hata likiwa la kuchekesha. Wazazi husema la mwisho na hilo ndilo linalobaki. Gratien mwenyewe alikuwa amekula ubunyano wa nusu ya mtaa wa Biryogo. Alijua kwamba watu wazima huchukua upande, na karatasi huandikwa na mwenye shida yake. Ila watoto walioitwa kula, hakuna anayewapanga kwa ajili ya kesi itakayokuja miaka sita mbele.

"Wale wawili wa fundi viatu," alisema Mukeshimana, "wamerudi kwao Gisenyi. Na Dative, wa nyumba ya pili. Siku hizi anauza mitumba Nyabugogo." Akashusha uso kwenye sindano. "Lakini huyo alikuwa mdogo sana. Hawezi kukumbuka kitu."

"Sijakuuliza anakumbuka nini."

Pedali ilisimama. Gwiza aliinua macho kutoka kwenye vifungo vyake, akamtazama mama yake, kisha mgeni.

Njiani Gratien alizuiwa mara mbili. Tangu mabomu yaanze kutupwa mjini kila mfuko ulipekuliwa, na kitambulisho cha upelelezi hakikuwafanya wale vijana wenye bunduki waharakishe. Alipoingia Nyabugogo ilikuwa imeshatimia saa sita na nusu. Alipita kati ya wapagazi na magunia ya maharage, akauliza mara tatu, akaoneshwa msichana wa miaka kumi na saba aliyesimama juu ya kreti akipeperusha suruali hewani.

"Weye ni Dative wa nyuma ya msikiti?"

"Inategemea ni nani iko anauliza."

Alimwonesha kitambulisho. Dative alishuka kwenye kreti. "Miye sijaiba kitu, shefu. Hii balo ya mitumba niko na risiti yake."

"Nauliza habari za chakula."

"Chakula gani?"

"Ubunyano. Kwa Mukeshimana, aliyekuwa mke wa Libère wa malori."

Hofu ilimtoka, akacheka. "Ya mtoto gani?"

Gratien alikuwa ameshaandaa swali lake la pili na la tatu. Yote yalimpotea. "Sema tena."

"Nauliza ubunyano ya mtoto gani. Pale kwa Mama Keza nilikula mara mbili."

"Keza ni nani?"

"Si mtoto yao ya kwanza?" Dative alimtazama kama anayefikiri polisi wamekuwa wajinga. "Walikuwa na Keza, wakampeleka kanisani kumwagiwa maji, sherehe kubwa, hata sisi watoto tulipewa Fanta. Halafu akakufa. Alikuwa anaanza kukaa mwenyewe. Mama yake alikuwa ameenda kwao Gitarama kuzika nyanya ya Keza. Walimzika hukohuko, mama akarudi mikono mitupu. Tuliambiwa tusitaje hiyo jina tena. Watu wakubwa walisema mama aliacha mtoto mgonjwa akaenda zake."

"Wewe ulimwona mgonjwa?"

"Mgonjwa wapi! Ile asubuhi mama anaondoka, ni miye nilimbeba mgongoni mpaka kituo. Alinivuta nywele mpaka nikalia. Mama yake akamnyonyesha, akanipa, akapanda basi."

Gratien aliandika neno kwa neno. "Na ubunyano wa pili?"

"Wa Gwiza. Hiyo sikulima." Alikunja mkono wa kushoto, akaonesha pale ulipokaa vibaya kidogo. "Nilianguka kwenye muparachichi. Nilikuwa na plasta mpaka hapa. Wenzangu walilima, miye nikapewa kazi ya kumwaga maji, ya kuwa mvua. Niliwaloweka kabisa! Na zamu yangu ya jina ikafika, nikamwita Plasta. Watu walicheka, hata Baba Gwiza alicheka."

"Mkono ulitibiwa wapi?"

"Hospitali kubwa. Wapi tena?"

Hospitalini Gratien alikaa kwenye stoo ya vitabu vya zamani akipiga chafya. Alianza Mei 1986, akashuka ukurasa baada ya ukurasa kwa kidole. Saa nane na nusu aliipata: 11 Agosti, Dative, miaka kumi na moja, mfupa wa mkono wa kushoto, ameanguka mtini. Mbele yake, kwa wino mwingine: plasta imeondolewa 20 Septemba.

Alitoa kalenda ya mfukoni akahesabu. Mtoto aliyezaliwa tarehe 9 Agosti hupewa jina tarehe 16. Siku hiyo mkono wa Dative ulikuwa umeshakaa kwenye plasta siku tano. Mtoto aliyezaliwa Machi 1985 asingeweza kukutana na plasta ile hata kwa mwujiza. Komini ilisema kweli. Parokia nayo ilisema kweli, ila juu ya mtoto mwingine, Keza aliyebatizwa Marie-Ange, na ndiyo maana karatasi mbili za kweli zilipokutana mezani kwa jaji zikazaa uongo mmoja. Mazishi hayakuwa kwenye kitabu kwa kuwa mtoto hakuzikwa Kigali.

Alichukua nakala, ikagongwa mhuri. Angepaswa kufurahi. Badala yake alihisi uzito, kwa sababu sasa alielewa kwa nini yule mama alinyamaza.

Alikuwa amewaita wazazi wote wawili ofisini kwake, humohumo mahakamani: mama saa tisa, baba saa tisa na nusu. Mukeshimana alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi la korido, mikono mapajani. Gratien alimwingiza ndani, akafunga mlango, akasema neno moja tu.

"Keza."

Mukeshimana hakulia. Alinyoosha mkono akalifunika daftari la Gratien.

"Usiandike, mzee."

"Nisipoandika, jaji atabaki na kadi. Ataamini ni ya Gwiza. Kesho utampoteza."

"Na ukiandika? Watasema huyu mwanamke aliua mmoja, leo anaomba apewe wa pili. Libère anajua hivyo. Ndiyo sababu ameleta ile kadi. Anajua siwezi kufungua mdomo."

"Keza alikuwa mgonjwa ulipoondoka?"

"Alikuwa na homa tangu usiku." Aliyasema haraka, kama sala iliyozoeleka. "Sikuona. Nilikuwa na kilio cha mama yangu, macho yalijaa machozi. Miye mama yake, nimemnyonyesha, na sikuona."

"Nani alikuambia alikuwa na homa?"

"Baba yake. Alibaki naye. Yeye ndiye aliyeona."

Gratien alitazama daftari lake, mahali palipoandikwa habari za nywele. Hakumwambia. Kama Libère angesikia kabla hajaulizwa, angejipanga.

"Kaa nje kwenye benchi," alisema. "Usizungumze naye akipita. Hata salamu."

Libère aliingia kwa wakati wake, shati limenyooshwa, funguo za lori mkononi. Alikuwa mtu wa kupendeza, mwenye sauti ya kumshawishi askari wa kizuizini asifungue turubai.

"Bwana Inspekta, pole na kazi. Nimeleta na nakala ya ruhusa ya Bujumbura, kama itahitajika."

"Haitahitajika bado. Nachukua maelezo yako. Kila jibu naliandika mstari wake, unasoma, unasaini pembeni. Ndiyo kawaida."

"Hakuna shida."

Gratien alianza na mambo mepesi. Jina, kazi, mahali alipolelewa. Libère akasaini. Ndoa ilifungwa 1984, ikavunjika 1988. Akasaini. Mtoto amekaa kwa mama tangu wakati huo. Akasaini. Kila saini ilikuwa imenyooka kuliko iliyotangulia, maana njia ilikuwa tambarare na dereva alikuwa ameizoea.

"Kadi hii umeitoa wapi?"

"Ninayo siku zote. Iko kwenye pochi yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu ubatizo."

"Miaka saba unatembea na kadi ya ubatizo ya mtoto aliye hai, anayeishi Kicukiro?"

"Mtu si anapenda mwanawe?"

"Ni kweli." Gratien aliandika. "Saini hapo."

Libère alisaini. Gratien aliandika mstari mwingine, polepole, kwa herufi kubwa zinazosomeka, akaigeuza karatasi.

"Huo ndio wa mwisho."

Libère alisoma kwa sauti, kwa mazoea ya mtu anayekagua hati za mizigo. "'Mtoto huyu ndiye wa kwanza na wa pekee. Sijawahi kuzaa mtoto mwingine na...'" Sauti ikakatika. "Hii ya nini?"

"Jaji ana kadi moja na mtoto mmoja. Umesema kadi ni ya mtoto huyo. Basi hakuna mwingine. Saini."

"Haikuwa kwenye maswali."

"Sasa imo."

Chumba cha pili mtu alikuwa akipiga taipu. Libère alishika kalamu, akaiweka kwenye karatasi, akaandika herufi ya kwanza ya jina lake. Mkono ukasimama.  Gratien hakumsukuma. Katika miaka yake yote alikuwa amejifunza kwamba kuna mlango haufunguki kwa teke.

"Nikisaini hii," alisema Libère, "itakaa kwenye faili?"

"Itakaa. Miaka yote."

"Kwamba hakuwepo."

"Kwamba hakuwepo."

Libère aliiweka kalamu chini, akaisukuma mbali. "Siwezi."

"Kwa nini? Ni mstari mmoja tu."

"Kwa sababu alikuwepo, Inspekta! Alikuwepo. Aliitwa Keza." Alifunika uso kwa viganja. Sauti ya kushawishi askari ilikuwa imemwisha.

Gratien aliichana karatasi ile mbele yake, akachukua nyingine. "Mukeshimana alipoondoka kwenda Gitarama, mtoto alikuwaje?"

"Alikuwa na homa."

"Asubuhi ile Dative wa jirani alimbeba mgongoni mpaka kituo cha basi. Mtoto alimvuta nywele mpaka akalia. Aliyekesha na homa havuti watu nywele, Baba Keza."

Pengine ni jina hilo lililomvunja. Hakuna aliyemwita hivyo kwa miaka saba. Alizitua funguo za lori mezani, na alipoanza kusema hakusimama.

"Homa ilianza siku ya pili, mchana. Nilikuwa na mzigo wa sementi wa kupakia. Nilisema nikimaliza kupakia nampeleka. Mvua ikanyesha, tukafunika, tukafunua. Nilipofika dispensari wameshafunga. Nikasema asubuhi. Asubuhi haikufika." Alifuta uso kwa kiganja. "Nilimpeleka kwa mama yake kwenye lori, amelala pale kwenye kiti cha utingo. Mukeshimana alikuwa bado na majani ya msiba mkononi. Aliniuliza kitu kimoja, ilianza lini. Nikasema, kabla hujaondoka. Lilinitoka tu, Inspekta. Nilidhani nitalirudisha kesho yake. Lakini ndugu zake walilishika, ndugu zangu walilishika, na yeye mwenyewe akalishika kuliko wote. Nikaliacha hapo."

"Ukaja ukalitumia."

"Nilitaka niwe na mmoja."

Gratien alimchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja, na hakupenda hali hiyo, kwa hiyo alirudi kwenye kazi. "Nikuandikie nini?"

"Andika kadi ni ya Keza. Andika Gwiza alizaliwa Agosti, sijui tarehe, nilikuwa safarini, nilikuta wanampa jina."

"Kuhusu mama?"

Libère aliinua uso. "Kesho nitampoteza Gwiza?"

"Hilo ni la jaji."

"Wewe unalijua."

"Nalijua."

Kwenye korido mtu alikohoa. Libère aligeuka kuutazama mlango. Alijua nani amekaa nyuma yake. Angeweza bado kuinuka, akasema kadi aliichanganya kwa bahati mbaya, akaacha la homa lilivyo, na kesho wakili wake akamwuliza yule mama mbele ya watu ni watoto wangapi wamemfia mikononi. Hakuna kitabu, hakuna hospitali iliyoweza kumkanusha, isipokuwa msichana wa mitumba na kumbukumbu ya nywele.

"Andika," alisema. "Alimwacha mzima."

Gratien aliandika hivyohivyo, bila kuongeza neno. Libère alisoma, akasaini. Saini ilipinda, lakini ilikuwa yake. Akaichukua kadi ya ubatizo kutoka kwenye faili, akaishika kidogo, akairudisha mwenyewe, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma unaoelekea uani.

Kawaida ya kazi inataka upande wa pili usome maelezo kabla hayajapelekwa kwa jaji. Gratien alitoka koridoni na karatasi. Mukeshimana aliinuka, akamtazama usoni akitafuta hukumu yake pale.

"Umeandika."

"Ameandika yeye. Soma. Usiruke mstari."

Mukeshimana alikaa. Alisoma kwa kidole, taratibu, kama wasomavyo watu walioachia shule darasa la sita. Gratien alisimama pembeni akijifanya anatazama dirishani. Kidole kilishuka, kikafika karibu na mwisho, kikasimama. Kikarudi mwanzo wa mstari. Kikasimama tena.

"Haya maneno ni nani amesema?"

"Libère. Hapo ni saini yake."

"Mlimpiga?"

"Hapana. Hakuna aliyemgusa."

Alisoma tena ule mstari, safari hii midomo ikicheza. Mahakama ilikuwa karibu kufungwa, walinzi walikuwa wameanza kuwatoa watu ili wawahi nyumbani kabla ya amri ya kutotembea usiku. Mmoja alikuja kumwambia ainuke, Gratien akamzuia kwa mkono.

"Mzee," alisema Mukeshimana hatimaye, "naomba nakala."

"Kesho wakili wako atapata. Ni kwa ajili ya kesi."

"Ile ya kesi mpe jaji." Alikuwa ameibana karatasi kifuani kwa mikono yote miwili, na machozi sasa yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta. "Miye naomba ya kwangu."